Rangi ya Nguva: Ngano za Kale na Waigizaji Wapya

Mwezi wa Julai 2019 kampuni ya Disney ilitangaza kwamba Halle Bailey, mwimbaji Mmarekani mweusi, ndiye atakayeigiza nguva Ariel katika filamu ya waigizaji hai, itakayorudia katuni ya mwaka 1989. Kabla picha hata moja haijapigwa, ugomvi ulikuwa umekwisha kuzuka. Wapinzani walidai kwamba asili ya hadithi imevunjwa. Watetezi walijibu kwamba nguva si kiumbe wa kweli, kwa hiyo hana rangi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba pande zote mbili zililikwepa swali la kihistoria, yaani: rangi iliingiaje katika ngano, na iliingizwa na nani?

Tuanze na hiyo asili. Hans Christian Andersen wa Denmark aliitoa hadithi ya nguva mdogo mwaka 1837. Ni kweli kwamba alimpa ngozi kama ya waridi na macho ya buluu, wala haifai kulificha jambo hilo kwa sababu tu linawafurahisha watu tusiokubaliana nao. Lakini kwa Andersen nguva hapati mume. Mwana wa mfalme anaoa mwingine, naye nguva anageuka povu la bahari, kisha anapokewa miongoni mwa mabinti wa hewani. Katuni ya 1989 iliufuta msiba huo na kuweka arusi mahali pake. Zile nywele nyekundu zilizoliliwa sana hazikutoka Denmark. Zilichaguliwa na wachoraji, pamoja na sababu nyingine, ili Ariel asifanane na nguva mwenye nywele za dhahabu aliyeonekana katika filamu Splash ya mwaka 1984. Waliosema wanatetea asili walikuwa wakitetea katuni yenye umri wa miaka 30. Kifo cha nguva, ambacho ndicho moyo wa hadithi, hakikupata wa kukililia.

Hapa yafaa tutofautishe neno na picha. Bibi anayesimulia ngano jioni husema kwamba palikuwa na msichana mzuri, basi. Na kila mtoto humvika msichana huyo ngozi anayoijua mwenyewe, aghalabu ya dada yake au ya jirani. Msimulizi ana uhuru wa kunyamaza. Sinema haina uhuru huo: lazima mtu awe na uso, na uso uwe na rangi. Huko Hollywood uamuzi huo haukuonekana kuwa uamuzi kwa muda mrefu, kwa kuwa ulikuwa mmoja daima. Tena ulikuwa na kanuni nyuma yake. Kanuni za maadili za studio, zilizotiwa nguvu mwaka 1934, zilikataza kwa zaidi ya miaka 20 kuonyesha mapenzi kati ya weupe na weusi. Ngano za namna hii, tukumbuke, karibu zote huishia arusini. Hata kama mtengenezaji filamu angetaka, binti mweusi asingeweza kuolewa na mwana wa mfalme mweupe.

Jaribio kubwa lilikuja kwa njia ya televisheni. Mwaka 1957 Rodgers na Hammerstein walitunga mchezo wa nyimbo juu ya Cinderella, ukarushwa moja kwa moja, Julie Andrews akiwa msichana wa majivuni, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 100. Tarehe 2 Novemba 1997 mchezo huohuo ulirudi kwa sura nyingine. Cinderella alikuwa Brandy, mweusi mwenye nywele za kusukwa. Mlezi wake wa kichawi alikuwa Whitney Houston, ambaye alikuwa pia miongoni mwa watayarishaji. Mama wa kambo ni mweupe, na binti zake wawili mmoja ni mweupe, mwingine mweusi. Malkia ni Whoopi Goldberg, mfalme ni mzungu Victor Garber, na mwana wao wa kumzaa ni Paolo Montalban, mzaliwa wa Ufilipino! Hakuna anayeshangaa, hakuna anayeeleza. Watu wapatao milioni 60 walitazama. Kwa maoni yangu, hapo ndipo sinema ilipokaribia zaidi sanaa ya yule bibi: rangi zilichanganywa kwa upana kiasi cha kulizima swali la nasaba, na msimulizi akarudishiwa haki yake ya kunyamaza.

Filamu ya nguva ya mwaka 2023, iliyoongozwa na Rob Marshall, ilifuata njia nyingine: ilieleza. Dada za Ariel kila mmoja ana bahari yake, ndiyo maana hawafanani. Malkia wa kisiwani, aliyeigizwa na Noma Dumezweni, mzaliwa wa Swaziland, ni mweusi, na mwanawe ni mweupe kwa sababu aliokotwa merikebu ilipozama. Kisiwa chenyewe kina mandhari ya Karibi katika zama za matanga. Lakini anayeanza kueleza hujifunga kueleza yote. Karibi ya zama zile ilikuwa nchi ya mashamba ya miwa na mijeledi; na maji anamoogelea Ariel ni maji yaliyopokea maiti za watu wengi waliopakiwa merikebuni, wakiwemo waliouzwa kutoka mlango wa mto Kongo. Hakuna neno hata moja juu ya jambo hilo. Bailey anaimba vizuri kuliko filamu inavyostahili. Kosa si uso wake, kosa ni kuuweka uso huo katika historia iliyooshwa.

Snow White ni kesi ngumu zaidi, maana huko rangi imo katika jina. Katika mkusanyo wa ndugu Grimm wa mwaka 1812, mama anatamani mtoto wa rangi tatu: weupe wa theluji, wekundu wa damu, weusi wa mbao za dirisha. (Mama huyohuyo ndiye mwovu wa hadithi, ndugu hao walimgeuza kuwa mama wa kambo mwaka 1819, bila kuzomewa na watetezi wa asili.) Mwanaisimu hawezi kupita hapa bila kutabasamu: rangi hizo tatu, -eupe, -ekundu na -eusi, ndizo vivumishi halisi vya rangi vinavyopokea viambishi vya ngeli katika Kiswahili, nyingine zote tumeziazima kutoka majani, manjano na majivu. Filamu ya mwaka 2025 ilimpa nafasi hiyo Rachel Zegler, ambaye mama yake ana asili ya Kolombia, ikaeleza kwamba jina linatokana na dhoruba ya theluji aliyozaliwa ndani yake. Hila hiyo ni nyepesi mno, na imeipoteza ile dua ya rangi tatu. Mfasiri wa Lubumbashi asingeihitaji, kwani kwetu binti wa Kiluba mwenye rangi ya maji ya kunde huitwa mweupe kila siku.

Mji huu una nguva wake. Wachoraji wa miaka ya 1960 na 1970 walimchora mamba muntu juu ya vitambaa vya magunia ya unga, naye alitundikwa katika vyumba vingi vya wageni: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele ndefu, mara nyingine saa mkononi, na ngozi nyeupe. Hakuna studio iliyowaamuru. Mamba muntu humpa mtu utajiri kwa masharti ya siri, na utajiri katika mji wa shaba ulikuwa na rangi iliyojulikana.

Niliwauliza wanafunzi wangu kama mchoraji wa leo amchore mweusi. Wengi walikataa, walisema hatanunuliwa. Mmoja aliuliza kama, kwa jinsi migodi yetu ilivyo sasa, haingekuwa sahihi zaidi kumchora Mchina. Darasa lilicheka. Mimi nililiandika swali lake daftarini.