Mtu wa Tatu ni Nani? Asiransi ya Gari Butembo na Beni

Mwenye gari au pikipiki akienda kwa wakala wa asiransi mjini Butembo kutafuta karatasi ya bei ya chini, anayoinunua kwa kawaida ni ile iitwayo kwa kifupi RC. Herufi hizo ni za maneno ya Kifaransa «responsabilité civile». Muulize imenunuliwa kwa faida ya nani, naye atajibu bila kusita: kwa ajili ya polisi wa barabarani. Karatasi iko, barabara iko wazi. Jibu hilo linaeleweka kwa mtu anayesimamishwa njiani kila wiki, lakini limewanyima haki watu wengi waliolala hospitalini na mguu uliovunjika.

Tafsiri ya neno kwa neno ingetupa «wajibu wa kiraia». Haifai hata kidogo. Msomaji wa Kiswahili akiusikia wajibu wa kiraia hufikiria kupiga kura, kulipa kodi, labda salongo, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi. Neno linalobeba maana ni dhima, yaani mzigo wa jambo ulio shingoni mwa mtu, ambao hautui mpaka aulipie. Ndivyo inavyosema sheria yetu ya kiraia hapa Kongo, kitabu cha tatu, kifungu cha 258, kilichorithiwa tangu amri ya 1888: aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuirekebisha. Kifungu cha 260 kinauongeza mzigo huo: bosi naye hujibu kwa kosa la mtu aliyemtuma kazi. Taximani anayeendesha pikipiki ya mwingine na kumpelekea mwenyewe versema, yaani pesa za siku, kila jioni asidhani yuko peke yake kwenye kesi, na mwenye pikipiki naye asijifiche nyuma ya kijana wake.

Kwa hiyo RC ni bima ya dhima. Kampuni inakubali kuubeba mzigo wa fidia ambao ungemwangukia mwenye chombo. Haitengenezi gari lake. Haimtibu dereva aliyesababisha ajali. Watanzania wameshaizoea tofauti hii, nao husema bima ndogo na bima kubwa. Anayetaka gari lake mwenyewe lilipwe anunue kubwa.

Huko Tanzania na Kenya bima hiyo ndogo huitwa pia bima ya mtu wa tatu. Hesabu yake ni hii: wa kwanza na wa pili ni wale waliotia sahihi mkataba, kampuni na mteja, wa tatu ni yule ambaye hakusaini chochote, mama aliyekuwa akivuka na beseni lake la maharage. Istilahi ni sahihi kwa mwanasheria. Kwa mtu wa kawaida, wa tatu ni mpita njia, mtazamaji, asiyehusika. Kumbe ndiye mwenye haki! Sheria namba 73-013 ya tarehe 5 Januari 1973, iliyolazimisha asiransi hii kwa vyombo vyote vya moto, ilimfikiria yeye kwanza. Ilimpa haki ya kuidai kampuni moja kwa moja, bila kungoja huruma ya mwenye gari. Ndiyo maana mimi ningependa tuiite asiransi ya aliyegongwa. Wanaotunga kamusi wataona jina hilo ni la mtaani, lakini linamwelekeza mtu anapopaswa kwenda.

Na aende wapi? Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja tu: SONAS, kampuni ya serikali iliyoanzishwa mwaka 1966, ambayo kwa karibu nusu karne ilikuwa peke yake sokoni. Sheria ya bima namba 15/005 ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni za watu binafsi. Mamlaka ya kuzisimamia, ARCA, ilianza kutoa leseni mwaka 2019. Siku hizi basi jina la kampuni lililo kwenye karatasi ni la kusomwa, si la kukisia.

Mpaka wa Kasindi una mambo yake. Malori yanavuka kutoka Mpondwe, upande wa Uganda, usukani ukiwa kulia, yakitoka nchi inayopita kushoto na kuingia nchi inayopita kulia. Serikali za Kongo na Uganda zilizindua mwaka 2021 kazi ya kutengeneza barabara ya Kasindi–Beni, kilomita 80, na ya Beni–Butembo, kilomita 54. Barabara nzuri ina mwendo wake, na mwendo una majeruhi wake. Ukigongwa na lori la Uganda au Kenya, usidhani haki yako imerudi Kampala pamoja na dereva. Lori kama hilo linatakiwa kuwa na karata ya manjano ya COMESA, mpango uliotiwa sahihi mwaka 1986. Kwa karata hiyo, bima iliyokatwa kwao inatambuliwa hapa, fidia inapimwa kwa sheria ya mahali ajali ilipotokea, na madai hupokelewa na ofisi ya taifa ya mpango huo, ambayo kwetu ni SONAS. Kuna kinachobaki nje, nacho kinauma: gari lililochomwa na waasi kwenye njia hiyohiyo ni hasara ya vita, na RC haigusi hasara ya vita.

Tatizo kubwa, hata hivyo, haliko mpakani. Liko kwenye neno letu tamu, kusikilizana. Ajali ikitokea, wenzake na taximani wanajaa, wazee wa familia wanaitwa, bosi anatoa pesa za dawa za siku mbili, karatasi inasainiwa kwamba mambo yamekwisha. Mimi sidharau kusikilizana. Mahakama iko mbali na wakili ana bei. Ila mfupa haujui karatasi. Miezi mitatu baadaye chuma kinatakiwa kutolewa mguuni, bosi hapokei simu, na kampuni ya asiransi haijawahi hata kuambiwa kwamba kulikuwa na ajali. Mikataba ya bima, tena, kwa kawaida inamkataza mteja kukiri kosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, na inamtaka atangaze ajali ndani ya siku chache. Kwa hiyo kusikilizana kwa siri kunamdhuru bosi naye: anatoa mfukoni kile alichokwisha kulipia.

Kinachobeba dai ni ripoti ya polisi wa barabarani, cheti cha daktari, na risiti za hospitali, hata ile ya shilingi za Uganda kama ulitibiwa ng'ambo. Aliyejeruhi bila kukusudia anaweza pia kushtakiwa kwa vifungu vya 52 hadi 54 vya sheria ya jinai. Hapo majeruhi anaruhusiwa kuingia kwenye kesi hiyohiyo kama mdai wa fidia, na kuomba kampuni iitwe.

Kabla pikipiki haijaondolewa barabarani, ndugu mmoja wa majeruhi apige picha ya namba ya usajili na ya karatasi ya asiransi: jina la kampuni, namba ya mkataba, tarehe ya mwisho. Mengine yanaweza kungoja mgonjwa afungwe bendeji.