Lami Mbili katika Viegesho vya Magari

Neno lami limetumiwa katika Kiswahili kwa vitu viwili vyenye asili mbalimbali: kile kitokanacho na makaa ya mawe, na kile kibakiacho baada ya mafuta ghafi kusafishwa. Mfasiri wa hati za zabuni hupita hapo bila ya kusita. Historia ya viegesho vya Marekani yaonyesha kwamba yafaa asite.

Lami ya makaa ndiyo iliyotangulia kupata sifa. Mwaka 1901 Mwingereza Edgar Purnell Hooley aliona, huko Derbyshire, mahali barabarani ambapo lami ilikuwa imemwagika na kufunikwa kwa mavi ya chuma. Pale hapakuwa na vumbi. Mwaka uliofuata akaomba hataza. Baadaye lami ya mafuta ikashika nafasi hiyo, nayo ndiyo itandikwayo leo.

Lami hii ya pili ina maadui wake. Jua huikausha hata ikapasuka; maji hupenya katika nyufa na kuulegeza udongo uliobeba kokoto. Tena kuna uzito. Majaribio ya Ottawa, Illinois, ya 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huharibu barabara kiasi cha mara 16. Kiegesho cha duka hutandikwa tabaka jembamba kwa ajili ya motokaa. Mharibifu wake ni lori la taka. (Anayefasiri chanzo hicho kuwa "wingi wa magari" amepotosha.)

Lakini adui mahususi wa viegesho ni mafuta yadondokayo kutoka injini zilizosimama. Vitu vya asili moja huyeyushana, na mafuta huilainisha lami ya mafuta. Kwa hiyo wenye maduka wengi walipaka juu yake lami ya makaa, ambayo haiyeyuki upesi hivyo. Huko Austin, Texas, kinga hiyo ilionekana kuwa na madhara: magurudumu huisaga, na mvua huchukua vumbi lake, lenye kemikali zinazoweza kuleta saratani, hadi mitoni. Mwaka 2005 mji huo ulipitisha amri ya kuipiga marufuku, ikaanza kutumika 2006. Lami ya mafuta haikuguswa.

Amri hiyo ikifasiriwa kwa neno lami tu, viegesho karibu vyote vitakuwa vimeharamishwa. Tunapendekeza bitumini kwa ile ya mafuta, na lami-makaa kwa ile nyingine. "Barabara ya lami" ibaki kama ilivyo, hakuna asiyeielewa.