Kidubwana wa Usiku: Historia Fupi na Tatizo la Istilahi

Miongoni mwa istilahi zinazotusumbua ni ile ya viumbe wakusanywao katika michezo ya video. Mchezo ulioipa aina hii umaarufu, Pokémon, ulitolewa Japani tarehe 27 Februari, 1996. Mbuni wake, Satoshi Tajiri, alipenda kukamata wadudu tangu utotoni; na jina lenyewe ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "madubwana ya mfukoni". Katika toleo hilo mlikuwamo popo wa mapangoni na mizuka ya mnara wa makaburi, lakini usiku haukuwamo. Giza lilikuwa la mahali, si la wakati.

Usiku uliingia tarehe 21 Novemba, 1999, yalipotoka matoleo ya Gold na Silver. Ndani ya kaseti ya mchezo iliwekwa saa iendeshwayo kwa betri, ikawa yaenda hata chombo kikiwa kimezimwa. Hapo mtoto alilazimika kukesha (pengine chini ya blanketi!) ili ampate bundi Hoothoot, au yule ambaye Wajapani humwita Yamikarasu, yaani kunguru wa giza. Eevee aliyemzoea bwana wake, akikua usiku hugeuka Umbreon mweusi. Akikua mchana huwa Espeon.

Sasa, usiku wa mchezo huo waanza saa 12 jioni, sawa na usiku wa Waswahili. Bali wakoma saa 10, na papo hapo huitwa asubuhi. Kwetu saa hiyo hata mwadhini hajaadhini. Neno "asubuhi" limebebeshwa alfajiri nzima, nasi hatuna budi kuitenga.

Kuhusu kiumbe mwenyewe, "zimwi" hatulikubali, kwani zimwi hula watu. "Dubwana" ni kubwa mno, haliingii mfukoni. Ndipo tukalidogosha kuwa "kidubwana". Mwenzetu mmoja alipendekeza "kidubwana mkeshaji". Tulimpinga: kukesha ni kujinyima usingizi, na bundi amekwisha kulala mchana kutwa. Anayekesha ni mtoto.

Baadhi walitaka hata jina la bundi liepukwe kwa sababu ya uchuro. Hoothoot hana uchuro wowote. Husimama kwa mguu mmoja tu akishika majira. Tumemwacha awe bundi. Kwa jamii yote twapendekeza "kidubwana wa usiku", na rasimu ingali wazi kwa maoni ya wasomaji.