Bodingi, Ukuta na Malezi: Historia Inatwambia Nini?



Ndugu msomaji, kaa barazani baada ya tarawehe, skuli zikikaribia kufunguliwa, hutakosa kusikia mjadala huu. Mzee mmoja atasema, "Msichana apelekwe skuli ya wasichana peke yao, mchanganyiko ni mimba tu." Mwenzake atamjibu, "Na huko peke yao ndiko wanakofunzana kupendana wenyewe kwa wenyewe!" Mtoto mwenyewe hapo hajaulizwa kitu.

Mjadala huu si wetu peke yetu. Bodingi za jinsia moja hapa Kenya zilifuata mtindo wa Waingereza: Alliance ya wavulana ilifunguliwa 1926, ya wasichana 1948. Na huko kwao Waingereza hawakukubaliana. J. H. Badley alifungua skuli ya Bedales mwaka 1893 kwa wavulana, na 1898 akaingiza wasichana. Wengi waliendelea kutenganisha, na maneno kuhusu yanayotendeka mabwenini hayakwisha.

Karibu miaka mia baadaye jambo hili likapimwa. Mwaka 1989 serikali ya Bi Thatcher ilikataa kugharamia utafiti mkubwa kuhusu maisha ya ndani ya watu, shirika la Wellcome Trust likatoa pesa. Kati ya 1990 na 1991 waliulizwa watu karibu 19,000. Wanaume waliosoma bodingi walikiri zaidi kuliko wengine kwamba waliwahi kufanya tendo na mwanamume mwenzao. Lakini ukija kwenye maisha yao ya ukubwani, hawakuonekana kuwa tofauti na wenzao. Yaani bweni lilitoa nafasi ya tendo, halikuonekana kumgeuza mtu anavutwa na nani. Basi tusidhani ukuta ndio unaomfunza mtoto hisia hizo, wala kwamba kumhamisha skuli kutaziondoa.

Je, mchanganyiko ndiyo dawa? Tukumbuke skuli ya St. Kizito, Meru, usiku wa Julai 13, 1991. Wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na 71 walibakwa. Hapo walichanganywa, lakini nani aliwafunza wavulana wale kumheshimu msichana?

Na sisi Waislamu tuna historia yetu. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume (S.A.W.) wakalalamika kuwa wanaume wamewazidi kumpata, wakaomba wapangiwe siku yao. Akawapangia, akawafundisha. Angalia vizuri: darasa lao la peke yao lilikuwa mlango wa elimu, na wenyewe ndio walioliomba. Halikuwa jela ya watu wanaoshukiwa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu tunawasikia watoto wanaofukuzwa skuli kwa uvumi tu. Wawili wameonekana kitanda kimoja usiku wa baridi, kesho wako stejini na masanduku yao, na mtaa mzima umeshapata habari. Masomo yamekatika, na pengine msichana anaozwa haraka "kufunika aibu".

Tendo mashekhe wametueleza hukmu yake, silibadilishi. Lakini dini hiyohiyo, katika Suratun-Nur, inamtaka anayemtuhumu zina mwanamke mwenye kujihifadhi alete mashahidi wanne, na akishindwa apigwe mijeledi 80. Heshima ya mtu imewekewa ulinzi mkubwa kiasi hicho, sisi tunaivunja kwa maneno ya barazani! Na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa linalopita moyoni, mtu hahisabiwi kwalo mpaka alitende au alitamke.

Kwa hivyo mzazi, chagua skuli ya wasichana, ya wavulana au ya mchanganyiko, hiyo ni hiari yako. Ila uliza pia: matroni ni nani? Watoto wangapi kwa bweni moja? Mwanangu akiwa na jambo zito, ana mtu mzima wa kumwambia bila kupigwa? Na likizo hii, mtoto akikuketia karibu baada ya futari akaanza kueleza lililomo moyoni, zima televisheni umsikilize mpaka mwisho.

Wabillahi tawfiq.