Kuhama si Kuhamia

Makala yangu kuhusu wauguzi wa Kenya wanaokwenda kufanya kazi Uingereza niliipeleka ikiwa na neno uhamaji. Ilichapishwa ikiwa na "uhamiaji wa nje", wala sikuulizwa. Istilahi hiyo inajipinga yenyewe: nusu ya kwanza inamwingiza mtu, nusu ya pili inamtoa. Wanaisimu walioipitisha katika vikao vyao hawakukitazama kitenzi.

Kitenzi ni hama, yaani kuacha makazi. Hakijali uendako. Kitie kauli ya kutendea, kinakuwa hamia, na hapo kinachotajwa ni mahali pa kufikia. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipotangaza kuhama Dar es Salaam, nchi nzima ilisema serikali inahamia Dodoma. Hakuna aliyesema inahama Dodoma, maana angekuwa amesema kinyume chake. Tofauti ambayo kuli wa bandarini haikosei inawashindaje wenye shahada za isimu?

Na hama si neno la kuazima. Wagikuyu wana nduguye, thaama, na kwa jina hilo Biblia yao inakiita kitabu cha Kutoka. Watu wa Mombasa wana gura, ambalo magazeti ya Kenya hulipenda mno mwanasiasa anapokiacha chama: amegura. Chama anachoingia hakigurwi. Kiarabu kilituletea hijra, ile ya Mtume kutoka Makka kwenda Madina mwaka 622, nasi tukaipokea kwa heshima. Lakini jirani akifunga virago Tanga kwenda Morogoro, tunasema amehama. Lugha iliyojaa kiasi hiki haikuhitaji kuongezewa "wa nje".

Wapinzani wangu hukimbilia Idara ya Uhamiaji: mbona maofisa wake huwagongea mihuri hata wanaotoka? Huwagongea, ndiyo. Lakini jina la ofisi si fasili ya istilahi, na asiyelijua hilo asikabidhiwe kamusi.

Matumizi ni mepesi. Muuguzi yuleyule ni mhamaji kwa Kenya na mhamiaji kwa Uingereza. Anayekwenda kutembea akarudi ni msafiri tu. Nawaomba wahariri: mkiliona uhamaji katika maandishi ya mtu, msilichomekee irabu i kabla hamjauliza anazungumzia nchi inayoachwa au inayofikiwa.