Kuhemea na Kutulia: Chuo cha Kilimani Wakati wa Korona

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, aliwatangazia Watanzania kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amepatikana Arusha, msafiri aliyetokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule, kuanzia za awali mpaka kidato cha sita. Tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Kwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM kama tunavyokiita wote, tangazo lile lilikuwa na maana moja tu: maelfu ya vijana washuke kutoka vilima vya Chimwaga na mabegi yao, waende makwao.

Mimi si daktari. Ni msomaji wa historia, na swali langu ni la kihistoria: chuo humlinda vipi mwanafunzi ugonjwa wa kuambukiza unapoingia? Jibu la haraka ni lile la Machi 2020. Kinamlinda kwa kumwondoa. Hosteli ni mahali pa kubanana, watu wanachangia chumba, bafu, bomba na sufuria. Ukiwatawanya, umepunguza kuni kwenye moto. Mantiki hiyo ni ya zamani. Mwaka 1665 tauni ilipopiga Uingereza, Chuo Kikuu cha Cambridge kilifungwa, na kijana Isaac Newton akarudi shambani kwa mama yake Woolsthorpe, akaendelea kufikiri hisabati na mwanga. Wakati wa korona hadithi hiyo ilizunguka sana mitandaoni, eti nasi tukae nyumbani tuwe akina Newton.

Sawa. Lakini Newton alikuwa na shamba la familia, chumba na utulivu. Mwanafunzi wa Dodoma alikuwa na basi lililojaa kwenda Mwanza, Mbeya au Mtwara, saa nyingi bega kwa bega na abiria wenzake. Mwisho wa safari ulikuwa nyumbani kwenye jembe la kushika, wadogo wa kulea na simu yenye bando la kuhesabia. Chuo kina ndaki nzima ya kompyuta, lakini kompyuta ya chuo haimfuati mtu kijijini. Wengi walikaa wiki zile zote bila somo lolote. Kwa hiyo kufunga chuo hakukuiondoa hatari. Kuliihamisha, pamoja na mzigo wa kuikabili, kutoka kwa taasisi kwenda kwa mama na baba.

Hapa ndipo ardhi hii ya Ugogo ina jambo la kutufundisha, maana haikuwa mara yake ya kwanza.

Kati ya 1917 na 1920 nchi hii ilipita katika njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, neno lenye maana ya kugombania. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimepita juu yao. Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma, na Waingereza waliowafuata, walichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikagoma. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeiandikia njaa hiyo, anataja vifo vya watu wapatao 30,000 katika eneo lililokuwa na watu wapatao 150,000. Mtu mmoja katika kila watano! Na katikati ya dhiki hiyo, mwishoni mwa 1918, ikaingia homa ya mafua iliyokuwa ikizunguka dunia nzima, ikisafiri na askari, wapagazi na reli.

Mtu mwenye njaa anahitaji kutembea. Wagogo wana msamiati wa jambo hilo, nao umeingia vizuri katika Kiswahili cha huku: kuhemea, yaani kwenda mbali kutafuta chakula, kwa kununua, kwa kubadilishana au kwa kufanya kibarua. Kuhemea ndiyo bima ya nchi kame. Lakini ugonjwa wa hewa unataka kinyume chake, unataka watu watulie. Njaa inasema nenda, mafua yanasema kaa. Waliokuwa katika Mtunya walisimama kati ya amri hizo mbili, na hakuna aliyeweza kuzitii zote.

Nikiikumbuka 2020 naona amri zile zile. Rais Magufuli alikataa kufungia watu majumbani, akasema watu wafanye kazi, masoko na nyumba za ibada vibaki wazi. Tunaweza kubishana naye kuhusu mambo mengi ya mwaka ule, nami nitafika huko. Lakini hoja ya kwamba anayekula kwa alichokipata leo hawezi kufungiwa ndani mwezi mzima haikuanzia Ikulu. Mama muuza karanga wa Dodoma aliijua zamani, na bibi yake aliijua kabla yake.

Katika Mtunya hiyo hiyo, mwaka 1917, alizaliwa huku Ugogo mtoto ambaye wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tunamjua vizuri: Mathias Mnyampala. Watu humkumbuka kwa ngonjera na diwani yake, wakasahau kwamba mwaka 1954 alitoa kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo. Ona jambo hilo: mtoto wa miaka ya njaa anakua, anashika kalamu, anaandika historia ya watu wake kwa Kiswahili. Huku kwetu miaka mibaya hupewa majina, na kwa majina hayo wazee huhesabu umri wa watu na wa mashamba. Jina la njaa ni kumbukumbu kwa asiye na daftari.

Sasa tusogee mpaka 2007. Ndio mwaka UDOM ilipoanzishwa, ikapokea wanafunzi wake wa kwanza Septemba. Miezi michache kabla, Dodoma ilikuwa imepigwa na virusi vingine kabisa: homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa za mwisho wa 2006 zilikuwa zimeamsha mayai ya mbu yanayoweza kulala udongoni miaka mingi yakisubiri maji. Mbu wakauma mifugo, mifugo ikaharibu mimba na kufa, na watu waliogusa damu, waliochinja au waliokunywa maziwa mabichi wakaugua. Zaidi ya watu 100 walikufa nchini, na Dodoma ndiyo iliyoumizwa kuliko mikoa yote. Katika mji ambao nyama choma ni sehemu ya mazungumzo, watu waliacha nyama.

Nautaja mwaka huo kwa sababu mara nyingi chuo huongelewa kama kisiwa kilimani, kana kwamba maradhi ni ya kijijini na elimu ni ya juu huko. Si kweli. Mwanafunzi anakula nyama ya mnada ule ule na maji yake yanatoka ardhi ile ile.

Na maji ndiyo kiini cha habari yote. Tulipoambiwa nawa mikono kwa sabuni na maji tiririka, ushauri ulikuwa sahihi. Lakini Dodoma hupata mvua ya milimita zisizofika 600 kwa mwaka wa kawaida, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora. Vyuo vilipofunguliwa tena tarehe 1 Juni 2020, mvua ilikuwa imekwisha. Juni ya huku ni baridi, upepo na vumbi. Wanafunzi walirudi wakakuta ratiba iliyobanwa kufidia muda uliopotea, bumu la kulipia madeni, na ndoo za koki milangoni kama ilivyokuwa kwenye kila duka na ofisi mjini. Ndoo hiyo ilikuwa kitu kizuri, nasema bila kejeli. Ila ndoo haijijazi. Yupo mtu aliyeijaza asubuhi na mchana, kwa dumu au kwa mpira, na huyo ndiye aliyekilinda chuo kuliko bango lolote. Hatajwi popote.

Kulikuwa na upungufu mwingine, wa maneno. Takwimu za taifa zilisimama tarehe 29 Aprili 2020, zikiwa zimefika wagonjwa 509 na vifo 21. Juni serikali ikasema ugonjwa umekwisha. Mwanzoni mwa 2021 watu walipoanza tena kuzikana, msamiati ukawa "changamoto ya upumuaji". Mwanafunzi aliyekuwa akikohoa chumbani alikuwa na ugonjwa usio na jina. Naona hapo ndipo ulinzi ulipopasuka. Barakoa unaweza kuishona kwa kitenge. Neno hilo lenyewe lilitoka pwani, ambako mabibi wa Unguja walijifunika nalo uso zamani, likaja kutufaa sote. Lakini hatari isiyotajwa mtu hajikingi nayo. Mgogo wa 1918, pamoja na umaskini wake wote, aliipa dhiki yake jina.

Baada ya Magufuli kufariki tarehe 17 Machi 2021, Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, na Julai 28 akachanjwa hadharani. Neno UVIKO-19 likaenea. Kisha likafanya ajabu ambayo lugha hufanya: fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa zilijenga madarasa 15,000, na watu wakayaita madarasa ya UVIKO. Watoto walioanza kidato cha kwanza humo Januari 2022 watafika vyuoni mwishoni mwa muongo huu, wakiwa wamesoma ndani ya jina la ugonjwa.

Kwa maoni yangu, chuo kina ulinzi wa tatu baada ya kutawanya watu na kuweka maji, nao ni kuweka kumbukumbu. UDOM ina wanahistoria, ina walimu wa Kiswahili, na ina maelfu ya vijana waliopanda mabasi yale Machi 2020. Wengi sasa ni walimu, wauguzi na makarani, bado wanakumbuka nani alikaa naye kiti kimoja, nani hakurudi Juni, maji yalikatika siku ngapi. Miaka mia moja iliyopita huku hakukuwa na chuo, na bado Mtunya ilifika kwetu kwa midomo ya wazee na kalamu za wachache. Sisi wenye maktaba kilimani tutakuwa na udhuru gani? Virusi vingine vitakuja. Marburg ilifika Kagera Machi 2023, si mbali. Siku hiyo mkuu wa hosteli atahitaji kujua ndoo ngapi zilitosha mwaka 2020, na nani alizijaza. Waliokuwepo waandike sasa.