Posa ya Ngata

Ukizikusanya hadithi za mapenzi ambazo walowezi wa Kiingereza waliziacha kati ya Naivasha na Njoro, unapata mfululizo mrefu wenye majumba, majini, bastola na wake za watu. Nyingi zina kelele. Iko moja tu iliyo tulivu, fupi, isiyo na maiti wala mahakama, ya kusomwa likizo ya Desemba mtu akiwa amekaa kibarazani na chai yake. Nayo ndiyo wanayoipenda watu wa Nakuru kuliko zote: hadithi ya Lord Egerton na kasri lake la Ngata, kilomita 14 hivi kutoka mjini.

Kabla ya kuifikia, tuzipitie zile za kelele, kwa kuwa bila hizo utulivu wa hii hausikiki.

Mwaka 1924 walifika Kenya Josslyn Hay na mkewe Idina Sackville, naye Hay alikuwa mume wa tatu wa Idina. Waliishi Wanjohi, juu ya Gilgil, katika duara la marafiki ambalo magazeti ya Ulaya yaliligeuza kuwa mazungumzo ya kila siku: ulevi, dawa za kulevya, kubadilishana waume na wake. Mmoja wao, Alice de Janzé, alimpiga risasi mpenzi wake katika kituo cha reli cha Gare du Nord jijini Paris mnamo Machi 1927, kisha akajipiga mwenyewe. Wote wawili wakapona, na miaka mitano baadaye wakaoana. Mtunzi wa riwaya angeona haya kuandika hivyo.

Ufukweni mwa Ziwa Naivasha, upande wa kusini, Cyril Ramsay-Hill alijenga jumba jeupe lenye makuba, mtindo wa Wamori wa Afrika Kaskazini, akakaa humo na mkewe Mary. Walowezi wakaliita Jumba la Majini. Hay akaja kulitembelea na Mary akaondoka naye. Inasimuliwa kwamba Ramsay-Hill aliwafuata hadi kituo cha reli cha Nairobi, akamcharaza Hay kiboko mbele ya watu. Hay na Mary walioana mwaka 1930, wakahamia jumba lile lile. Mary alifariki mwaka 1939. Tarehe 24 Januari 1941 Hay, aliyekuwa sasa Earl wa Erroll, alikutwa amekufa ndani ya gari lake karibu na Karen, risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe kijana Diana alikuwa mpenzi wa marehemu, alishtakiwa na kuachiliwa. Mwaka uliofuata alijiua mjini Liverpool. Diana akaolewa mwaka 1943 na Gilbert Colvile, mfugaji mkubwa wa Naivasha, naye Colvile akamnunulia zawadi: Jumba la Majini.

Sasa tuje Ngata.

Kisa jinsi kinavyosimuliwa na waongoza wageni kwenye kasri ni hiki. Lord Egerton alimpenda binti mmoja wa nasaba ya juu huko Ulaya. Wapo wanaosema alikuwa wa Austria, wapo wanaosema vingine. Akamjengea nyumba ya mawe ya vyumba vichache, akamwita aje aione. Binti akatazama, akauliza kama hilo ni banda la kuku. Bwana hakukasirika. Akaanza kujenga upya: marumaru kutoka Italia, mbao za mwaloni kutoka Uingereza, vyumba 52, ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba kama vile vya makanisani. Miaka 16 ikapita. Binti akaitwa tena. Safari hii alisema nyumba inafanana na makumbusho, tena yeye ameshaolewa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo Lord Egerton akapiga marufuku wanawake kukanyaga ardhi yake, akaweka matangazo yakiwaorodhesha pamoja na mbwa na kuku. Akaishi peke yake hadi kufa.

Mpangilio wake unajulikana na kila mtu aliyelelewa kwa ngano. Mposaji anapewa sharti, analitimiza, anapewa la pili lililo zito zaidi, na binti ana ulimi mkali. Tofauti ni kwamba katika ngano mposaji hushinda.

Je, yaliyoandikwa yanasema nini? Yanasema mengi kuhusu bwana mwenyewe, na karibu hayasemi lolote kuhusu binti.

Maurice Egerton alizaliwa tarehe 4 Agosti 1874 katika familia ya Tatton Park, jumba la kifahari karibu na Knutsford, Cheshire. Alikuwa mtu wa mashine. Gari lake la Benz lilibeba namba ya kwanza kabisa kusajiliwa Cheshire, M 1. Aliwajua ndugu Wright, na mwaka 1910 alipata cheti cha urubani namba 11 nchini Uingereza, wakati ndege zilikuwa bado vitambaa na nyaya. Alipenda kupiga picha, alipenda kuwinda, na huko Tatton ukumbi mzima umejaa vichwa na pembe za wanyama aliowaua katika safari zake. Mwaka 1920 baba yake alifariki, naye akawa Baron Egerton wa nne. Hakuoa. Knutsford walimfahamu kama mfadhili wa vilabu vya wavulana.

Njoro aliyoikuta alipokuja Kenya ilikuwa tayari imegawanywa. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Lord Delamere, yule wa tatu, alichukua ekari 100,000 hapo Njoro mwaka 1903 kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka uliofuata viongozi wa Wamasai walitia sahihi makubaliano yaliyowaondoa malishoni mwao, Naivasha na Nakuru, wengine wakapelekwa Laikipia, na mwaka 1911 wakaondolewa Laikipia pia. Walipokwenda mahakamani mwaka 1913, kesi ikatupwa. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza askari wastaafu wa Uingereza walikuja kwa wingi kuchukua mashamba, na Egerton akawa mmoja wa wamiliki wakubwa wa eneo hilo. Mwaka 1939 alitoa sehemu ya ardhi ianzishwe Egerton Farm School, shule ya kuwafundisha vijana wa Kizungu kilimo ili wasishindwe na mashamba waliyopewa.

Kasri lilianza kujengwa mwaka 1938. Vita vya Pili vikaisimamisha kazi kwa muda, meli zikawa na mizigo mingine ya kubeba. Lilikamilika mwaka 1954.

Hapa inafaa kutua na kufanya hesabu ambayo waongoza wageni huiruka. Mwaka 1938 Maurice Egerton alikuwa na umri wa miaka 63 au 64. Mwaka 1954 alikuwa anagonga 80. Kijana anayetutoa machozi katika kisa, anayesubiri mchumba ashuke garini aone marumaru, alikuwa mzee wa fimbo. Haiwezekani? Inawezekana, wazee hupenda. Lakini binti aliyesubiriwa miaka 16 na ambaye bado alikuwa wa kuposwa mwishoni mwake hakai vizuri ndani ya hesabu hiyo. Na mwanamume aliyekulia Tatton Park hahitaji kukataliwa na mtu ndipo ajenge nyumba kubwa. Aliijua nyumba kubwa kuwa ndiyo nyumba. Ukisimama ndani ya ukumbi wa Ngata, ukatazama mbao nyeusi zilizofunika kuta, tanuri la mawe la kuotea moto na mabomba ya kinanda yamepangwa juu ukutani, unaona mtu aliyejijengea Cheshire yake juu ya ardhi ya Njoro. Kinanda kile kinahitaji mpigaji, na ukumbi ule unahitaji watu mia wa kucheza. Hakuwa na hamu ya wageni.

Kuhusu chuki yake kwa wanawake, sifa hiyo ilimfuata hadi kaburini na si ya waongoza wageni peke yao. Kilichobuniwa, kwa maoni yangu, ni sababu yake.

Nani alibuni? Nadhani majirani. Katika nchi ya Bonde la Ufa, kwa Wakikuyu, kwa Wakalenjin, kwa karibu kila mtu, mwanamume hujenga kwa sababu anaoa, au amekwisha oa na watoto wamezidi. Nyumba isiyo na mama ni swali. Nyumba ya vyumba 52 isiyo na mama ni swali la kijiji kizima. Mafundi waliochonga mawe, wapishi waliopika chakula cha mtu mmoja, vijana wa zizini, wote walirudi nyumbani jioni wakaulizwa: bibi yake yuko wapi? Jibu la kwamba bwana hataki lisingeridhisha mtu. Jibu la kwamba alikataliwa, tena mara mbili, tena kwa kejeli, hilo linakaa. Linamfanya tajiri aliyewapa amri kuwa mtu wa kuhurumiwa kidogo na kuchekwa sana. Banda la kuku! Mwanamke mmoja, kwa neno moja, anaishusha nyumba ambayo kibarua asingethubutu kuugusa mlango wake wa mbele.

Ndiyo maana siwezi kukidharau kisa hiki, ingawa sikiamini. Lakini kina gharama. Ukiisha kumhurumia mposaji, huulizi tena nani alibeba mawe.

Waliobeba waliishi chini ya sheria. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka maskwota, yaani familia za Kiafrika zilizoishi kwenye mashamba ya walowezi, wamfanyie mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima kipande na kufuga. Mwaka 1937, mwaka mmoja kabla ya msingi wa kasri kuchimbwa, sheria mpya iliyapa mabaraza ya walowezi uwezo wa kuongeza siku hizo na kupunguza mifugo na vipande. Miaka ya 1940 katika wilaya za Naivasha na Nakuru ilikuwa ya ng'ombe kuuzwa kwa lazima, migomo, na viapo usiku. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu walifukuzwa mashambani kote Bonde la Ufa, wakasafirishwa kwa malori na treni kwenda kwenye hifadhi ambazo wengi wao hawakuwa na shamba huko, na vijana kwa wazee wakaingia msituni. Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua mahabusu na kuondoka na bunduki. Ni katika miezi hiyo ndipo vyumba vya mwisho vya Ngata vilikuwa vikimaliziwa. Katika kisa cha mapenzi miaka hii ni ya kungoja jibu la barua tu.

Lord Egerton alikaa ndani ya kasri lililokamilika kwa muda usiofika miaka minne. Alifariki Januari 1958, akiwa na miaka 83. Kwa kuwa hakuwa na mtoto, cheo cha Baron Egerton kilizimika naye. Tatton Park ikaenda kwa National Trust, shirika la Uingereza linalotunza majumba ya kale, na watu hulipa kiingilio kuyaona mapambo yake. Kasri la Ngata hatimaye likawa chini ya chuo alichokianzisha, na serikali ikalitangaza kuwa mnara wa taifa mwaka 1996.

Jumba la Majini nalo liliendelea na sura zake. Diana aliachana na Colvile, akaolewa mwaka 1955 na Lord Delamere wa nne, na aliishi hadi 1987, mwaka ule ule filamu ya mauaji ya Erroll ilipotoka. Mashamba ya Oserian yanayolizunguka yaligeuka ya maua, na tangu miaka ya 1980 waridi za Naivasha zimekuwa zikipakiwa ndegeni kila Februari kuwahi Siku ya Wapendanao Ulaya. Wanaozikata na kuzifunga shada kwa shada wengi ni wanawake, nao wanajua bei ya mapenzi kwa kila shina.

Huko Njoro, shule ya vijana wa Kizungu ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote miaka ya 1960, ikawa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, na wasichana wakajaa madarasani. Mwaka 2016 Profesa Rose Mwonya akashika uongozi wa chuo hicho kama makamu wa chansela. Kasri lenyewe sasa hukodishwa kwa harusi. Maharusi hupigwa picha kwenye ngazi za mbele, wasimamizi wa kike wakiwa wamepanga mstari na shela zimetandazwa juu ya mawe, huku mwongoza wageni akiwasubiri wamalize ili aanze na kundi la shule lililofika kwa basi.